Lahani na Kodi Zake katika Mitaa ya Jangwani na Kariakoo

Mtu akitoka Mnazi Mmoja kwa miguu, akaipita soko ya Kariakoo na kushika njia ya kuteremkia bonde la Msimbazi, hufika Jangwani jasho halijamkauka. Ni mwendo mfupi, lakini ndani yake imo historia ya muziki wa Kiswahili iliyo ndefu kuliko anavyodhani mpita njia aliyezibwa masikio na kelele za mikokoteni na wauza mitumba. Klabu ya Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ina makao yake hapo penye Mtaa wa Twiga na Mtaa wa Jangwani, na kwa watu wengi wa mbali jina la Jangwani halina maana nyingine. Mimi nataka kulitaja kwa jambo jingine, ambalo kwa wapenzi wa ushairi huenda likawa na uzito kushinda mpira: namna wimbo uliokwisha kuwa na maneno na sauti yake ulivyotafutiwa kodi.

Kwa wapigaji wa gitaa, kodi si ile ya mwenye nyumba wala ya serikali, ijapokuwa Kariakoo zote mbili hazikosi kutajwa kila siku ya Mungu. Ni sauti tatu au zaidi zipigwazo kwa pamoja chini ya sauti ya mwimbaji, zikamchukua kama mkeka unavyomchukua aliyeketi. Lahani ni ule mstari mmoja wa sauti upandao na kushuka pamoja na maneno. Taarabu asilia, ile tuliyoizoea sisi wa visiwani, ya udi, kanuni, fidla na nai, haina kodi. Vyombo vyote hufuata lahani moja, kila kimoja kwa mapambo yake. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri, Siti binti Saad hakuhitaji mtu wa kumpigia kodi, na hata leo anayezisikiliza sahani zile haoni kuwa kuna kitu kilichopungua. Wimbo wa dansi, kinyume chake, hauendi bila ya kodi. Mji wa Dar es Salaam ulikaa na aina hizi mbili za muziki ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu, na ujirani huo ndio ulionifanya nikaandika.

Kariakoo yenyewe asili yake ni watu waliokusanywa. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916. Miaka ya 1920 vijana wa mji walikuwa wamegawika katika vyama vya beni, Marini na Arinoti, wakipita mitaani kwa tarumbeta na ngoma za kijeshi na kutupiana vijembe vya mashairi. Beni lilikuwa limetoka kaskazini, Lamu na Mombasa. Wengi wameliandika kwa ajili ya siasa yake, mavazi yake na vyeo vyake vya bandia. Mimi naona lilikuwa na kazi nyingine ambayo haikutajwa sana: tarumbeta kubwa hutoa sauti ya chini na ndogo huimba juu, na kwa njia hiyo masikio ya watu wasiokwenda kanisani wala skuli ya misheni yalianza kuzoea sauti mbili zisizofanana kwenda pamoja bila ya kugombana.

Mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band. Mwaka huo huo, na hili ni sadfa tu, wanamuziki na wataalamu wa Kiarabu na wa Ulaya walikutana Cairo katika Mkutano wa Muziki wa Kiarabu. Miongoni mwa waliyobishania ni piano: je, iruhusiwe kuingia katika muziki wa Kiarabu? Vitufe vya piano vimefungwa penye sauti kumi na mbili, ilhali lahani za Kiarabu zina sauti zikaazo katikati ya kitufe na kitufe. Walikuwapo hata waliotengeneza piano za robo za sauti, wakazileta zionekane. Hawakuafikiana. Dar es Salaam hakukuwa na kamati wala mkutano, na suala lile lile lilijibiwa kidogo kidogo, usiku kwa usiku, na watu waliokuwa na gitaa mkononi na wimbo wa kesho kwenye ncha ya ulimi.

Bendi zilizofuata ziliundwa na watu kwa kujuana kwa makwao. Western Jazz ya mwaka 1944, chini ya Iddi Nhende, ilijiita hivyo kwa ajili ya watu wa jimbo la magharibi, na baadaye ikaja kutajika kwa mtindo wake wa saboso. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilianza mwaka 1958. Chama cha wafanyakazi kikawa na bendi yake, NUTA Jazz, mwaka 1964, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma. Magitaa ya umeme yalipokuja, yalikuta banjo, mandolini na tarumbeta vimekwisha kuandaa njia. Walimu walikuwa ni sahani za santuri za Kyuba, zile za alama ya GV zilizoanza kuenea Afrika tangu miaka ya 1930, kisha sahani na wanamuziki kutoka Kongo. Mtu hakufundishwa kodi kwa kitabu. Alirudisha sindano mwanzo wa sahani mara ishirini mpaka kidole kikatua panapostahili.

Lakini kuiga sahani ni jambo moja, na kuutafutia kodi wimbo wako mwenyewe, wa Kiswahili, ambao hakuna aliyepata kuupiga, ni jambo jingine kabisa. Kazi hii inahitaji kuelezwa, kwani mara nyingi husemwa kuwa ni kipaji tu, kana kwamba hakina hesabu.

Jambo la kwanza ni kuijua noti ambayo ndiyo nyumba ya wimbo, ile ambayo mwimbaji akiifikia husikia amefika na hana haja ya kuendelea. Tuiite do, kwa desturi ya waliosoma nyimbo kwa do, re, mi. Juu ya noti saba hizo hujengwa kodi tatu za msingi: ya do, yenye do, mi na so, ya fa, yenye fa, la na do, na ya so, yenye so, ti na re. Msomaji akizihesabu ataona kuwa noti zote saba zimepata makao katika kodi tatu hizo. Ataona tena kuwa makao hayakugawiwa sawa. Noti ya do ina nyumba mbili, kodi ya do na kodi ya fa. Noti ya so nayo ina mbili, kodi ya do na kodi yake yenyewe. Zilizobaki tano zina nyumba moja moja. Mwimbaji akituama juu ya re, mpiga gitaa wa kodi tatu hana hiari: ni kodi ya so. Akituama juu ya la, ni kodi ya fa. Hiari inakuja pale tu lahani inapolala juu ya do au so, na hapo ndipo mpigaji mmoja hutofautiana na mwingine. Kodi ya fa chini ya do ya mwisho huuacha wimbo umesimama mlangoni, haujaingia ndani, ijapokuwa mwimbaji hakubadilisha kitu.

Jambo la pili, na hapa ndipo washairi wanapohusika, ni kuwa si kila noti huomba kodi. Lahani ina noti za kukaa na noti za kupita. Anayejaribu kumpa kodi kila apitaye njiani huishia kupiga gitaa kama mtu anayeteremka ngazi kwa viatu vya miti. Sasa mpigaji atajuaje ipi ni ya kukaa? Kwa wimbo wa Kizungu huenda akahesabu mapigo. Kwa wimbo wa Kiswahili uliotungwa kishairi, beti lenyewe limekwisha kumwambia. Shairi la mizani kumi na sita lina ukwapi wa mizani nane na utao wa mizani nane, na kila kipande kina kina chake. Penye kina ndipo pumzi inapovutwa, na ndipo lahani inapokaa. Beti la mistari minne lina vituo vinane, na mpiga gitaa aliyelelewa na mashairi huvijua hata kabla hajaisikia sauti.

Nimejaribu kuyafuata haya katika nyimbo za zamani za dansi ninazozijua kwa moyo, na mara nyingi nimekuta mpango wa namna moja: ukwapi huanza nyumbani na kutoka, kina cha kati hukalia kodi isiyokuwa ya nyumbani, aghalabu ya fa au ya so, na utao hurudi. Wimbo haukamiliki penye kina cha kati, kwa sababu maneno nayo hayajakamilika. Mtu anayedhani kuwa kina ni pambo la mwisho wa mstari, na amsikilize mpiga besi mzuri. Ataisikia besi ikiacha noti yake na kushika nyingine, si juu ya kina chenyewe bali silabi moja kabla yake, pale ambapo Kiswahili huweka mkazo, ili silabi ya mwisho ikute kodi imekwisha kutandikwa. Besi ikichelewa hadi silabi ya mwisho, wimbo huchechemea, na msikilizaji hulaumu mwimbaji bure.

Liko na jambo la tatu, la maana. Kodi ya la, ile ya huzuni, ina la, do na mi. Noti mbili kati ya tatu zake ni zile zile za kodi ya nyumbani. Kwa hiyo mstari unaokaa juu ya mi, ambao kwa kodi ya do ungekuwa mchangamfu, mpigaji anaweza kuuwekea kodi ya la na ukawa na shaka ndani yake, bila ya mwimbaji kubadilisha hata nukta. Huu ni uwezo mkubwa kumpa mtu ambaye jina lake haliandikwi kuwa mtunzi. Maneno ya kumpongeza bibi harusi yanaweza kuimbwa yote kama yalivyo, na gitaa la rizimu likasema chini chini kwamba ndoa haitadumu.

Anayetaka kusikia haya yakifanywa kwa ustadi asikilize kanda za Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na shirika la DDC. Nguzo yake mojawapo alikuwa Michael Enoch, aliyekwisha kupigia gitaa Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960, na ambaye wenzake walimwita Ticha. Jina hilo halikuwa la utani tu. Katika bendi hizi mtunzi aghalabu alikuwa mwimbaji, akija na maneno na lahani kichwani, bila ya kuandika noti. Aliimba, na kazi ya wengine ikawa ni kuisikiliza lahani na kuitafutia mahali pa kukaa: besi kwanza, kisha rizimu, kisha solo, kisha tarumbeta na saksafoni za kujaza penye pumzi. Aliyepanga yote hayo ndiye aliyestahili kuitwa mwalimu.

Na waimbaji wenyewe hawakutoka katika skuli moja. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na sauti ambayo kwangu mimi husikika kama iliyonyooshwa na kisomo, yenye kutua na kuvuta mwisho wa mstari. Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliligeukia Injili na kuimba nyimbo zake, alikuja na sauti iliyozoea kuwa na wenzake juu na chini. Walipoimba pamoja, yule wa sauti ya pili hushuka noti mbili chini ya mwenziwe na kumfuata hatua kwa hatua, na hapo kodi imekwisha kujengwa nusu yake kwa makoo ya watu kabla gitaa halijaguswa. Mpigaji hufuata tu. Ikiwa sauti ya kwanza iko juu ya so na ya pili juu ya mi, hana haja ya kuuliza, kwa sababu noti mbili hizo zina kodi moja tu inayozikusanya katika zile tatu.

Kisha wimbo wa Mlimani hugeuka. Baada ya beti za taratibu, zenye kisa na mawaidha, huja sehemu ya pili ya mwendo wa kasi ambayo wanamuziki huiita chemko. Hapo lahani ndefu hukatika, maneno huwa machache, na kodi huzunguka mbili au tatu zile zile, kwa dakika kadhaa, huku solo ikicheza juu yake. Wapenzi wa mashairi wengi huzima redio hapo. Wanakosea. Kodi zinazozunguka ni zile zile zilizobeba beti, na sikio lililolishughulikia shairi kwa dakika nne linaendelea kulisikia hata baada ya maneno kwisha. Radio Tanzania ilizirekodi nyimbo hizi vyombo vyote vikipigwa kwa pamoja, bila ya nafasi ya kurudia kipande na kubandika, na kwa hiyo kila uamuzi juu ya kodi ulikuwa umekwisha kufanywa kabla ya kuingia studio. Hakuna aliyetafuta kidole mbele ya kinasa sauti.

Ama upande wa pili wa ukuta ni taarabu. Dar es Salaam ilikuwa na vyama vyake viwili mashuhuri, Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club, na majina yenyewe yanasema masikio yalielekezwa wapi. Vyama hivyo na bendi za dansi vilikuwa vya mji mmoja, na arusi moja ingeweza kuwa na taarabu usiku huu na dansi usiku wa pili. Lakini ukimpa mpiga gitaa wa dansi lahani ya taarabu akuwekee kodi, ndipo hesabu ile nzuri ya nyumba tatu inapoanza kuvuja.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, nikikaa kwa jamaa zangu Jangwani, na nilikuwa nimejifunza kodi zangu saba au nane na kujiona bingwa. Jioni moja, katika maandalizi ya harusi ya ndani ya nyumba, mzee mmoja wa fidla alianza lahani, na mimi nikachukua gitaa langu kumsindikiza. Nikaiona do yake mara moja. Nikaweka kodi ya do. Yakatoka mambo mabaya, kama jino linalouma likigusana na maji ya baridi. Nikadhani gitaa limeshuka, nikalikaza. Yakazidi. Nikajaribu kodi ya la, nikajaribu ya huzuni ya do, yenye mi iliyoshushwa, na kila moja ikawa mbaya kwa namna yake. Mzee akaendelea kupiga, hakunitazama.

Lahani ile ilikuwa ya rasti. Mi ya rasti haiko penye mi ya kinanda, wala haiko penye ile iliyoshushwa chini yake. Inakaa baina ya mbili hizo. Shingo ya udi ni laini, na ya fidla vile vile, hivyo kidole hukaa popote sikio linapotaka. Shingo ya gitaa ina vyuma vilivyopandikizwa, na kati ya chuma na chuma hakuna noti. Kodi ya do inataka do, mi na so, na mi ninayoweza kuipiga mimi si mi anayoipiga mzee. Zote mbili zikilia kwa pamoja hugombana. Bayati ina shida hiyo hiyo katika noti yake ya pili, na sika ni mbaya kushinda zote, maana noti yenyewe ya nyumbani ndiyo iliyo katikati. Huko huna hata pa kuanzia.

Ziko maqamu nyingine ambazo hazina taabu hiyo. Ajami ni ngazi ile ile ya do, re, mi ya watu wa Ulaya. Nahawandi ni ile ya huzuni. Hijazi, ambayo sikio la mtu wa mwambao huijua hata akiwa usingizini, ina ule mruko mkubwa baina ya noti ya pili na ya tatu, lakini inaweza kupigwa kwa vitufe vya kinanda bila ya kuharibika sana: ukiweka nyumba yake juu ya mi, kodi ya kwanza ni mi kubwa, yenye so iliyopandishwa, ya pili ni fa iliyo hatua ndogo tu juu yake, na kwa kwenda na kurudi baina ya mbili hizo lahani nzima hubebeka. Wapiga gitaa wa Hispania wameishi kwa jambo hili karne nyingi.

Kwa hiyo gitaa lilipoingia katika taarabu, liliingia kwa mlango wa maqamu hizo tatu. Waliolifungua zaidi mlango huo walikuwa watu wa Tanga. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na Lucky Star iliyochipuka kutoka kwake, zilitia gitaa la umeme, besi na mapigo ya dansi chini ya mashairi ya taarabu, na sauti ya Shakila Saidi, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2016, ikaenea mwambao mzima. Wako wakongwe wa visiwani walioziona nyimbo hizo kuwa ni nyepesi. Mimi sizioni hivyo. Besi ya Tanga ilikuwa na adabu: ilishika noti ya nyumbani na ya tano yake, ikacheza baina ya mbili hizo, na ikawaachia fidla na mwimbaji nafasi ya kukaa watakapo katika noti ya tatu. Lahani haikubanwa.

Kilichobana ni kinanda cha umeme. Kilipoenea katika vikundi vya Dar es Salaam na Unguja, na hasa tangu miaka ya 1990 ilipoinuka taarabu ya kisasa, ya East African Melody na wenziwe waliofuata, mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya fidla nne, kanuni na kodiani kwa mikono miwili. Gharama ilipungua, na hilo si jambo la kudharauliwa na mtu asiyelipa nauli za wanamuziki kumi na wanane kwenda harusi ya Temeke. Ila mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hutaka kodi kamili, ya noti tatu, muda wote. Na lahani isiyokubali kodi kamili haikukatazwa na mtu. Haikutungwa tu. Kwa sikio langu nyimbo mpya za taarabu za miaka ishirini na zaidi sasa ni nahawandi, hijazi na ajami kwa wingi mno, na rasti ya kweli naisikia kwa wazee, katika qasida, na kwa vijana wachache waliopitia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002. Mashairi yenyewe yamebaki na vina vyake. Lakini kuna beti ambazo zamani zingepata lahani yenye mashaka na upole wa bayati, na sasa zinavikwa nahawandi, na mtunzi akajiuliza kwa nini beti lake limegeuka la kilio.

Najua nitajibiwa kuwa viko vinanda vyenye vitufe vya kushusha noti moja moja kwa robo ya sauti. Viko, na wapigaji wa Ghuba huvitumia vizuri. Lakini kitufe hicho hushusha ile noti kila inapopigwa, katika lahani na katika kodi vile vile, na kodi yenye mi ya rasti ndani yake si ya furaha wala ya huzuni, huning'inia. Wapigaji wanaojua huiacha mikono yao miwili ipige lahani moja, na kinanda kikageuka kuwa fidla kubwa. Kodi haimo tena.

Mzee wa Jangwani alipomaliza wimbo wake aliweka fidla mapajani na kunyoosha mkono. Nilidhani anataka gitaa alipige yeye. Alilishika shingo tu, akanitazama vidole na kuniambia, "Mwanangu, huyu wa kati hana kazi hapa. Mwondoe." Nikauondoa mkono wangu kwenye mi, nikauzima waya wake kwa ubavu wa kidole nisiusikie kabisa, nikabaki na do na so. Akaanza tena kutoka juu. Sauti zangu mbili zikakaa chini na fidla yake ikapita katikati, pale nilipokuwa nimeketi mimi, na tukaenda hivyo hadi adhana ya isha.